Mfanyakazi na Askari katika Picha za Magazeti ya Kwanza ya Wafanyakazi

Kila ifikapo tarehe 1 Mei, mkono mmoja hupandishwa juu katika miji mingi ya dunia. Ni mkono wa kuchorwa, wenye misuli iliyotuna, umeshika nyundo au umekunja ngumi. Huonekana katika mabango na katika vitambaa vinavyobebwa mbele ya maandamano. Askari wanaopiga gwaride siku hiyo, na polisi wanaosimama pembeni mwa barabara kulinda msafara, huuona mkono huo mwaka hata mwaka bila kuulizwa kama nao wamo katika picha. Swali hilo ni la haki, na jibu lake limo katika magazeti madogo ya karatasi hafifu ambayo vyama vya wafanyakazi na vya wanaujamaa vya Ulaya na Marekani vilianza kuyatoa katika karne ya 19.

Mwanzoni mfanyakazi hakuchorwa kama jitu. Alichorwa amelala. Mwaka 1885 gazeti la Justice, lililokuwa likitolewa na wanaujamaa wa London, lilichapisha picha ya msanii Walter Crane. Katika picha hiyo popo mkubwa mnyonya damu amemwinamia kibarua aliyezama usingizini. Popo huyo ameandikwa jina la Ubepari, na mabawa yake yanataja unafiki wa dini na siasa za vyama. Kando yake malaika wa Ujamaa anapuliza baragumu ili mlalaji aamke. Wasikilizaji waliozoea neno kupe, jinsi lilivyotumika nchini Tanzania baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, watamtambua mnyama huyo mara moja. Ni fikra ile ile: aliyenona amenona kwa damu ya mwingine.

Crane alizaliwa Liverpool mwaka 1845, akafariki mwaka 1915. Alikuwa mtu wa tabaka la kati, na umaarufu wake wa kwanza aliupata kwa kuchora vitabu vya watoto. Alipojiunga na harakati za ujamaa pamoja na rafiki yake William Morris, picha zake nyingi aliwapa wanaharakati wazitumie. Picha hizo zilichongwa juu ya mbao ngumu, zikapangwa pamoja na herufi za chapa na kupigwa kwa mtambo ule ule. Gharama ilikuwa ndogo. Zikavuka mipaka, zikanakiliwa katika nchi nyingine, zikashonwa katika bendera za vyama. Mwaka 1896, wanaujamaa na wajumbe wa vyama vya wafanyakazi wa nchi mbalimbali walipokutana London katika mkutano wao mkuu, picha za Crane za miaka kumi zilikusanywa na kutolewa katika kitabu kimoja.

Yafaa ikumbukwe kwamba wengi waliokusudiwa kusoma magazeti hayo walisoma kwa shida, na wengine hawakujua kusoma kabisa. Gazeti moja lilisomwa kwa sauti karakanani au kilabuni, likapita mikono mingi mpaka likachakaa. Maneno yalihitaji msomaji, lakini picha ilijisomea yenyewe. Kwa sababu hiyo aliyechora alikuwa na madaraka makubwa kuliko alivyodhani: ndiye aliyemwamulia kibarua wa kawaida sura yake mwenyewe ilivyo.

Sura hiyo ilibadilika upesi baada ya mambo ya Chicago. Tarehe 4 Mei 1886, wakati wafanyakazi wa Marekani walipokuwa wakidai siku ya kazi ya saa nane, bomu lilirushwa katikati ya kikosi cha polisi kilichokuwa kikiutawanya mkutano katika eneo la Haymarket. Polisi saba walipoteza maisha, na inaaminiwa kwamba baadhi yao walipigwa na risasi za wenzao katika giza na fujo zilizofuata. Raia kadhaa nao walikufa. Aliyerusha bomu hajajulikana mpaka leo. Hata hivyo wanaharakati wanne walinyongwa tarehe 11 Novemba 1887. Tangu hapo Chicago ikawa na kumbukumbu mbili zinazotazamana. Mwaka 1889 ilizinduliwa sanamu ya polisi aliyeinua mkono wake kuamuru utulivu. Mwaka 1893 likajengwa makaburini sanamu la mwanamke anayemvika taji mfanyakazi aliyeanguka. Ile sanamu ya polisi ililipuliwa mwaka 1969, ikatengenezwa, ikalipuliwa tena mwaka 1970, na hatimaye ikaondolewa katika uwanja wake. Lisilosemwa mara nyingi ni kwamba polisi wale saba nao walikuwa watu wa mshahara, wenye familia, ambao hawakuchagua saa wala mahali pa kutumwa.

Mwaka 1889 mkutano wa wanaujamaa uliofanyika Paris uliamua kuwa tarehe 1 Mei iwe siku ya kudai saa nane za kazi katika nchi zote, na Mei Mosi ya kwanza ikaadhimishwa mwaka 1890. Crane akaipa siku hiyo sura yake. Picha yake kubwa ya mwaka 1891 inaonyesha msafara wa ushindi: wakulima na mafundi wamebeba zana zao, magari yanakokotwa na ng'ombe, kuna mataji ya maua, bendera na watoto. Mfanyakazi hapa amekwisha kuamka. Amesimama wima, kifua mbele, mzuri kama sanamu ya Wayunani wa kale.

Ni picha ya kupendeza, na hapo ndipo ilipo kasoro yake. Uingereza ya mwaka 1891 ilikuwa nchi ya makaa ya mawe, mitambo ya kufuma na mabomba ya moshi. Kibarua wa kiwanda cha pamba cha Lancashire hakuwa na maua kichwani. Alikuwa na vumbi mapafuni. Crane alimchorea mfanyakazi heshima, lakini aliitafuta heshima hiyo katika mashamba ya zamani kwa sababu hakuiona kiwandani.

Kasoro ya pili ilimhusu mwanamke. Katika picha hizi mwanamke yumo tele, lakini ni malaika, au ni Uhuru mwenye kofia ya mapinduzi, au ni Haki mwenye mizani. Huonekana mara chache sana akiwa kazini. Na hali mwaka 1888, katika mtaa wa Bow jijini London, wanawake na wasichana wapatao 1,400 waligoma katika kiwanda cha viberiti ambako fosforasi iliozesha mataya ya wafanyakazi, wakashinda. Jiji lile lile lililomchora mwanamke akiwa na mabawa lilikuwa likimlipa senti chache kwa kujaza viberiti.

Pamoja na hayo, Crane aliona jambo ambalo wengi wa zama zake hawakuliona. Katika picha yake ya mshikamano wa wafanyakazi, watu wameshikana mikono kuuzunguka mpira wa dunia, mmoja kwa kila bara, na Mwafrika ni mmoja wao. Yuko katika duara, amesimama sawa na wengine. Picha hiyo ilitoka katika miaka ile ile ambayo mataifa ya Ulaya yalikuwa yakiigawana Afrika kwa rula na kalamu. Itafaa kuikumbuka mazungumzo haya yatakapofika kusini mwa bara letu.

Nchini Marekani kazi ya kuchora ilichukua njia nyingine. Chama cha Industrial Workers of the World, kilichoanzishwa Chicago mwezi Juni 1905, kiliwapokea watu wasio na fundi wala chama: wakata magogo, wavunaji wa ngano, wachimbaji, wahamiaji waliotoka nchi nyingi. Katika mgomo wa viwanda vya nguo vya Lawrence mwaka 1912 walikuwamo watu wa lugha zaidi ya ishirini. Katika kundi la namna hiyo picha ilikuwa ndiyo lugha ya wote. Mwaka 1917 Ralph Chaplin alichora wafanyakazi walio shimoni wakiinua ngumi zao, na ngumi zote zikaungana kuwa ngumi moja kubwa mno. Mkono wa Mei Mosi unaoonekana leo ni mjukuu wa mkono huo.

Lakini chama hicho hicho kilithubutu pia kumcheka mfanyakazi. Kuanzia mwaka 1912 Ernest Riebe alimchora katika gazeti la Industrial Worker kibarua mwenye kichwa cha gogo la mti, aliyeitwa Mr. Block. Huyu humwamini mwajiri anapoahidi, humwamini wakala wa kazi anayemtoza ada na kumpeleka pasipo na kazi, humwamini mwanasiasa, na kila mara mwisho wake ni kupigwa na kufungwa. Kesho yake huamka akiamini tena. Katuni zake zilitolewa katika kijitabu mwaka 1913. Jitu lenye misuli lilimsifu mfanyakazi bila kumfundisha kitu, lakini Mr. Block alimpa kioo. Wakata magogo walicheka kwa sababu kila mmoja alimfahamu jirani wa namna hiyo, na usiku alipolala huenda alijifahamu mwenyewe.

Sasa, askari yuko wapi? Jibu limo katika picha maarufu kuliko zote za wakati huo, iliyochapwa Cleveland, Ohio, mwaka 1911, kwa kufuata mfano wa picha ya Kirusi ya mwanzoni mwa karne hiyo. Inaonyesha piramidi ya ubepari. Kileleni kuna mfuko wa fedha. Chini yake wamesimama watawala, kisha viongozi wa dini, kisha askari wenye silaha, kisha matajiri wanaokula na kunywa mezani. Chini kabisa ni wafanyakazi na wakulima, wanaume kwa wanawake pamoja na watoto, wanaobeba uzito wote kwa mabega na mikono. Kila ngazi ina maneno yake ya kujieleza kwa wale wa chini: wa kwanza wanakiri kwamba wanatawala, wa pili kwamba wanadanganya, na askari wanakiri kwamba wanawapiga risasi.

Ni shutuma nzito, na hapana haja ya kuilainisha. Iliandikwa na watu waliokuwa wameona wenzao wakizikwa. Ila anayeitazama picha hiyo kwa utulivu huona jambo ambalo pengine mchoraji hakulikusudia. Ngazi ya askari haina meza. Wanaokula wako ngazi ya chini yake, na mfuko wa fedha uko mbali juu ya kichwa chake. Amesimama tu, na bunduki yake, katikati ya piramidi ambayo si mali yake. Mchoraji alimpa sare na akamnyima nasaba. Hakuonyesha kwamba baba wa askari huyo, kaka yake na mama yake wako chini kabisa, na kwamba yeye mwenyewe atarudi huko siku atakapovua sare.

Robert Minor alikwenda mbali zaidi katika gazeti la The Masses la New York la mwezi Julai 1916, wakati Ulaya ilipokuwa ikiteketea vitani na Marekani ikijiandaa. Alichora daktari wa jeshi akimpima kijana aliyeandikishwa. Kijana ana mwili mkubwa ajabu, mabega kama ukuta, mikono kama magogo, lakini hana kichwa. Daktari amefurahi kupata askari aliyekamilika. Katuni hiyo huwachekesha raia, na askari anayeijua kazi yake huweza kukasirika, kwa haki kabisa, maana jeshi lisilofikiri halishindi hata vita ndogo. Hata hivyo Minor alikuwa amegusa jambo la kweli: wako watawala ambao askari wa namna hiyo ndiye wanayemtaka. Serikali ya Marekani haikucheka. Mwaka 1917, baada ya nchi kuingia vitani, gazeti hilo lilizuiwa kupelekwa kwa posta, na mwaka 1918 wahariri wake walishtakiwa mara mbili. Mara zote mbili wazee wa baraza hawakukubaliana. Mchoraji Art Young, aliyekuwa miongoni mwa washtakiwa, alisinzia mahakamani kesi ikiendelea, na baadaye akajichora vile vile alivyokuwa, akisinzia kitini, mtu anayehukumiwa kwa ajili ya maisha yake.

Picha iliyo nzito kuliko hizo zote ilitolewa na gazeti hilo hilo mwezi Juni 1914, ikachorwa na John Sloan. Mchimba makaa wa Colorado amembeba mtoto aliyekufa kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili anapiga bastola. Nyuma yake moto unawaka. Misuli ya fahari imetoweka. Huyu ni mtu aliyechanika nguo na kuchanika moyo. Na yule anayempiga risasi hayumo katika picha.

Kilichokuwa kimetokea ni hiki. Wachimbaji wa makaa kusini mwa Colorado waligoma mwezi Septemba 1913, wakafukuzwa katika nyumba za kampuni, wakahamia kwenye mahema pamoja na wake na watoto. Kambi kubwa kuliko zote ilikuwa Ludlow, yenye watu wapatao 1,200. Jimbo likapeleka askari wake wa akiba, na mwanzoni wagomaji waliwapokea kwa matumaini kwamba wangekuwa wasuluhishi. Miezi ikapita, fedha za jimbo zikapungua. Askari wengi wa kawaida wakarudishwa makwao, na nafasi zao zikajazwa na walinzi wa kampuni za makaa waliovikwa sare za jimbo. Tarehe 20 Aprili 1914 kambi ilishambuliwa kwa bunduki za rashasha, na jioni mahema yakachomwa. Katika shimo lililochimbwa chini ya hema moja walikutwa wanawake wawili na watoto kumi na mmoja, wamekufa kwa kukosa hewa.

Sare ni mali ya dola. Anayeivaa huitwa askari wa wananchi kwa sababu mshahara wake, amri yake na nidhamu yake vinatoka kwa dola hiyo. Ludlow sare ilibaki ile ile, lakini aliyekuwa ndani yake alikwisha kununuliwa. Huenda ndiyo sababu Sloan hakumchora.

Nchini Uingereza palikuwa na watu walioona kwamba askari hatakiwi kuachwa nje ya picha. Baada ya migomo ya mwaka 1911, ambamo askari waliwapiga risasi raia Liverpool na Llanelli, gazeti la The Syndicalist lilitoa mwezi Januari 1912 barua ya wazi kwa askari wa Uingereza, ikiwakumbusha kwamba ni watoto wa wafanyakazi na kuwasihi wasiwaue ndugu zao. Kijana mmoja wa reli aliigawa kwa askari huko Aldershot, akafungwa. Tom Mann, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, naye akafungwa kwa ajili ya barua hiyo kwa kutumia sheria ya uasi ya mwaka 1797. Dola ile ilikwisha kuziona katuni nyingi za kuwatukana askari na ikazivumilia. Iliyoiogopa ni karatasi moja iliyowaita ndugu.

Magazeti hayo na picha hizo zilifika kusini mwa Afrika zikiwa ndani ya mabegi ya wachimbaji waliotoka Uingereza, Australia na Marekani. Huko migodi ya dhahabu ilikuwa imewaweka wazungu na Waafrika katika shimo moja kwa mishahara isiyolingana hata kidogo. Tajiri mnene wa katuni, mwenye kofia ndefu na sigara, alipewa jina la Hoggenheimer, lililotokana na mchezo wa jukwaani wa London wa mwaka 1902, na mchoraji D. C. Boonzaier akamfanya maarufu katika magazeti. Lakini Hoggenheimer alichorwa kwa sura ya kuwadhihaki Wayahudi. Hapo chuki dhidi ya unyonyaji ikageuzwa kuwa chuki dhidi ya kabila, na mnyonyaji asiye Myahudi akapita salama.

Mwafrika naye akaondolewa katika duara la Crane. Mwezi Februari 1920 wachimbaji wa Kiafrika wapatao 70,000 waligoma, wakarudishwa kazini kwa nguvu za askari na polisi, huku mafundi wengi wa kizungu wakiendelea na kazi. Miaka miwili baadaye ilikuwa zamu ya wazungu wenyewe. Katika mgomo wao wa mwaka 1922 serikali ya Jenerali Smuts iliwapelekea mizinga na ndege za kivita, na watu wapatao 200 wakafa. Wagomaji hao waliandamana chini ya kitambaa kilichowataka wafanyakazi wa dunia yote waungane kupigania Afrika Kusini ya wazungu. Wito wa dunia nzima ulikuwa umenyweshwa sumu na kufanywa wito wa rangi moja.

Hata hivyo walikuwapo waliokataa sumu hiyo. Mwaka 1917 Johannesburg kilianzishwa chama cha Industrial Workers of Africa, kwa mfano wa kile cha Chicago, na mwaka 1918 kikatoa karatasi za wito kwa Kisotho na Kizulu. Mwaka 1919 Clements Kadalie, mzaliwa wa Nyasaland ambayo sasa ni Malawi, alianzisha mjini Cape Town chama cha ICU kilichoenea mpaka mashambani. Na kuanzia mwaka 1930 gazeti la Umsebenzi, maana yake Mfanyakazi, lilitolewa na wakomunisti wa Afrika Kusini kwa Kiingereza na kwa lugha za Kiafrika. Mhariri wake, Eddie Roux, hakuwa na fedha za kulipia vibao vya chapa vya picha. Akachukua vipande vya linoleamu, ile ya kutandika sakafuni, akawa anachonga katuni kwa mkono wake mwenyewe.

Katuni hizo zilikuwa na mistari minene na hazikuwa na urembo wa Crane. Ila ndani yake Mwafrika alikuwa mbele, akiwa na pasi mfukoni na polisi mlangoni, kama alivyokuwa katika maisha yake ya kila siku. Tarehe 16 Desemba mwaka huo wa 1930, gazeti likiwa bado changa, wafanyakazi wa Durban walikusanyika kuzichoma pasi zao hadharani. Polisi waliotumwa kuwatawanya walimuua kiongozi wao, Johannes Nkosi, kijana wa miaka ishirini na kitu. Polisi wengi wa Kiafrika wa nchi hiyo, kama Nkosi, hawakuwa na kura wala ardhi katika miji waliyoilinda.